Timu iliyoitangulia nchi yake

Kwa mpenzi wa kandanda wa Tanzania jina la Algeria halitamkwi bila kuguna. Mwezi Novemba 2015 Taifa Stars walitoka nao sare ya mabao 2 kwa 2 Dar es Salaam, na siku tatu baadaye wakachapwa mabao 7 kwa 0 mjini Blida. Mwaka 2019 walikutana tena Cairo katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Safari hiyo yalikuwa 3 kwa 0, na Algeria ikarudi nyumbani na kombe. Mabarazani tuliyaeleza matokeo hayo kwa hoja ya fedha na kwa hoja ya wachezaji wao walioko Ulaya. Hoja hizo hazikosi ukweli. Leo, hata hivyo, nataka turudi hadi mwaka 1958, wakati Algeria ilipokuwa haina uhuru, haina shirikisho la mpira, wala haina kiti katika baraza lolote la dunia, na bado ilikuwa na timu ya taifa.

Ufaransa iliingia Algeria mwaka 1830. Haikuihesabu kuwa koloni la mbali, bali sehemu ya Ufaransa yenyewe, na walowezi waliokaribia milioni moja wakaishi humo wakiwa na haki ambazo wenyeji Waislamu hawakuwa nazo. Mpira nao ulifuata mstari huohuo. Walowezi walikuwa na vilabu vyao, na Waislamu wakaunda vya kwao, kama Mouloudia ya Algiers iliyoanzishwa mwaka 1921, ambayo jina lake linatokana na Maulidi. Kijana wa Kialgeria aliyejaliwa kipaji kikubwa alikuwa na njia moja tu ya kupanda, nayo ni kuvuka bahari akauze kipaji chake kwa mtawala.

Rachid Mekhloufi alikuwa mmoja wa waliovuka. Alizaliwa Sétif mwaka 1936. Mei 8, 1945, siku ambayo Ulaya ilishangilia kumalizika kwa vita, wenyeji wa mji huo waliandamana wakidai uhuru wao, wakapigwa risasi, na katika wiki zilizofuata maelfu ya Waalgeria wakauawa katika mji huo na vijiji vya jirani. Mtoto huyo alikuwa hajatimiza miaka tisa. Miaka kumi na miwili baadaye alikuwa bingwa wa Ufaransa akiwa na klabu ya Saint-Étienne, na mwaka huohuo wa 1957 akatwaa ubingwa wa dunia wa majeshi akiwa amevaa jezi ya Ufaransa. Vita vya ukombozi vilikuwa vimekwisha anza tangu Novemba 1, 1954. Nyumbani kwao watu walikuwa wakifa, naye akipigiwa makofi.

Aprili 1958 Ufaransa ilikuwa ikijiandaa kwa Kombe la Dunia nchini Sweden. Mekhloufi na beki wa Monaco, Mustapha Zitouni, walikuwa katika hesabu za timu hiyo. Ndipo Mohamed Boumezrag, mchezaji wa zamani aliyetumwa na chama cha ukombozi cha FLN, alipokuwa amemaliza kupita kimyakimya kutoka mchezaji hadi mchezaji, akiwa na ombi moja: acheni kila kitu, njooni Tunis. Katika siku chache wachezaji wapatao kumi walitoweka Ufaransa. Wengine walipitia Uswisi na Italia. Baadhi waliondoka pamoja na wake na watoto. Wapo waliokamatwa mpakani. Mekhloufi alikuwa bado yumo katika utumishi wa jeshi, kwa hiyo kwa sheria ya Ufaransa kuondoka kwake kulikuwa ni utoro wa askari wakati wa vita, na adhabu yake haikuwa ya mchezo.

Tuzitazame hesabu zao kama tunavyozitazama hesabu za nyumba. Mekhloufi alikuwa na miaka 21, mshahara mzuri, jina kubwa, na miezi miwili tu mbele yake kulikuwa na Kombe la Dunia ambalo Ufaransa ilimaliza katika nafasi ya tatu. Zitouni alikuwa mkubwa kwake kwa umri, na mchezaji wa umri huo anajua kwamba kombe jingine la namna hiyo halimsubiri. Walikwenda mahali ambapo posho yao ingekuwa kidogo, ligi hakuna, na mwisho wa safari haujulikani. Hakuna aliyeweza kuwaahidi kwamba vita vingekwisha wakiwa bado na nguvu miguuni.

Ufaransa ililalamika, na FIFA ikatishia kuadhibu nchi yoyote itakayocheza nao. Timu hiyo isiyotambuliwa ikazunguka dunia hivyo hivyo kwa miaka minne: Tunisia, Morocco, Libya, Iraq, Ulaya ya mashariki, China, na Vietnam ambako walipokewa na Ho Chi Minh. Mjini Belgrade mwaka 1961 waliifunga Yugoslavia mabao 6 kwa 1, mwaka mmoja tu baada ya Yugoslavia kufika fainali ya Ulaya. Lakini palikuwa na jambo walilolipigania kabla ya kila mpira kuanza kuchezwa, nalo ni bendera na wimbo. Walitaka bendera ya Algeria ipandishwe na wimbo wake upigwe, wakati ambapo nyumbani kukutwa na bendera hiyo kungeweza kumpeleka mtu gerezani. Baadhi ya wenyeji wao walisita, kwa kuiogopa Ufaransa au FIFA. Palipokubaliwa, maelfu ya watu wa nchi ngeni walisimama kwa heshima ya taifa ambalo kwenye ramani lilikuwa halimo.

Hapa ndipo mimi ninapoiona nguvu ya michezo katika kuunganisha watu. Furaha ya ushindi ni kitu kizuri, ila hupita upesi kama harufu ya pilau. Kilichowagusa Waalgeria ni kwamba watu waliokuwa wamekwisha fanikiwa, waliokuwa na haki ya kusema "mimi yangu yameninyookea", walikubali kupoteza pamoja na wale waliokuwa hawana cha kupoteza. Mkulima aliyechomewa kijiji na mchezaji wa Monaco hawakuwa na maisha yanayofanana hata kidogo. Tangu Aprili ile wakawa na hasara moja. Nadhani taifa jipya huanza hivyo, kwa watu kuchangia hasara kabla hawajaanza kugombea faida.

Uhuru ulipatikana Julai 5, 1962, haikutimia miezi saba baada ya Tanganyika kupata wa kwake. Mekhloufi alirudi Saint-Étienne akacheza, akatwaa ubingwa mwingine, na mwaka 1968 akafunga mabao yote mawili ya klabu yake katika fainali ya Kombe la Ufaransa. Alipokea kombe hilo mbele ya Rais de Gaulle, mkuu wa dola ileile aliyoitoroka miaka kumi nyuma. Wapo watakaoona kurudi kwake ni kasoro. Mimi sioni hivyo. Vita vilikuwa vimekwisha, na mtu aliyeitoa miaka minne ya ujana wake hadaiwi zaidi.

Nisije nikaonekana nauza dawa ya kila ugonjwa. Rais wa kwanza wa Algeria huru, Ahmed Ben Bella, alikuwa mwanasoka. Ujanani alivaa jezi ya Marseille. Juni 17, 1965 alikuwa uwanjani Oran kuwatazama vijana wake wakicheza na Brazil ya Pelé, uwanja ukiwa umefurika. Siku mbili baadaye alipinduliwa na waziri wake wa ulinzi, Houari Boumediene. Uwanja uliojaa haukumlinda. Machi 1990 Algeria ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Algiers kwa kuifunga Nigeria bao 1 kwa 0, nchi nzima ikaimba kwa sauti moja. Haikupita miaka miwili, ndugu wakaanza kuuana katika vita vilivyowamaliza watu kwa makumi ya maelfu. Mpira haufanyi kazi ya mahakama, wala ya sanduku la kura, wala ya bei ya mkate. Na kiongozi anayedhani kwamba watu wanaoimba uwanjani wanamwimbia yeye angewauliza wakubwa wa Algeria wa mwaka 2019: nyimbo za kuwakataa zilianza kwa mashabiki majukwaani, ndipo zikateremka barabarani.

Sasa turudi kwa wale watoro wa mwaka 1958, maana sehemu ya habari yao ninayoipenda kuliko zote husimuliwa kwa nadra. Vita vilipokwisha na miguu ikachoka, wengi wao hawakwenda kukalia medali. Waligeuka walimu wa watoto wa watu.

Mwaka 1975 Algiers iliandaa Michezo ya Mediterania, na fainali ya mpira ikazikutanisha Algeria na Ufaransa. Wafaransa walikuwa mbele kwa mabao 2 kwa 1, na mchezo unakaribia kufa. Boumediene alikuwa jukwaani, na mtu anaweza kukisia uzito wa kuusikia wimbo wa Ufaransa ukipigwa kwa ushindi katika uwanja ulioitwa Julai 5. Katika sekunde za mwisho Omar Betrouni akasawazisha, na muda wa nyongeza ukaleta bao la tatu. Kocha aliyekuwa benchi ni Rachid Mekhloufi. Alikuwamo tena katika benchi la ufundi mwaka 1982 huko Gijón, Hispania, siku Madjer na Belloumi walipoifunga Ujerumani Magharibi 2 kwa 1 katika Kombe la Dunia. Kombe lile la mwaka 1990 nalo lililetwa na kocha Abdelhamid Kermali, mtoto wa Sétif, mwingine wa wale waliotoroka Aprili 1958.

Mzazi anayesoma ukurasa huu huenda ana kijana ambaye kila Jumamosi yuko kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira, anazijua namba za jezi za Manchester kuliko namba za nyumba za mtaa wake. Kumfungia mlango si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kumtafutia mtu mzima wa kumfundisha mpira kwenye uwanja wa vumbi wa jirani, mtu aliyewahi kutoa kitu kwa ajili ya wengine, ambaye kijana atajifunza kwake kupiga pasi na kufika kwa wakati. Watu hao tunao: wachezaji wastaafu wanaoketi vibarazani bila ya kuulizwa lolote.

Algeria iliwauliza. Mokhtar Arribi, naye kutoka Sétif, naye wa kundi la 1958, aliishia kuwa kocha wa klabu ya mji wao, Entente ya Sétif. Mwaka 1988 klabu hiyo iliteremka hadi daraja la pili nyumbani, na mwaka huohuo, ikiwa na Arribi benchi, ikatwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika kwa kuwafunga Wanigeria mabao 4 kwa 0 katika mchezo wa marudiano. Mwaka uliofuata Arribi alifariki dunia. Mekhloufi aliishi hadi Novemba 2024, akafia Algiers akiwa na miaka 88.