Kichanga Anasikia, Asemeshwe

Hoja kwamba kumsemesha kichanga ni kupoteza muda, eti damu haimiminiki ubongoni mwake kama kwa mtu mzima, imepotoka.

Kwa mtu mzima, seli za ubongo zikifanya kazi, mishipa hutanuka na damu yenye oksijeni huongezeka. Kwa kichanga, mwitikio huo huweza kuwa dhaifu, wa kuchelewa, hata wa kinyume, kwa kuwa mishipa bado inakomaa. Seli zenyewe haziko likizo.

Ushahidi upo: mwaka 1980, huko Marekani, watafiti DeCasper na Fifer walionesha watoto wasiofikisha siku 3 wakibadili mwendo wa kunyonya chuchu bandia ili wasikie sauti ya mama.

Mama wa Mbamba Bay anayemwimbia mwanawe mgongoni huku akianika usipa, aendelee. Wahudumu wa kliniki Mbinga na Nyasa, wahimizeni wengine.