Ndoo ya dharura ianze na dawa unazotumia

Masika ya mwaka 2024 yalipofurisha mto Nyando na kuwahamisha watu wa uwanda wa Kano, nililetewa mama mmoja wa miaka 60 na ushei, mkono na mguu wa kulia vimelegea. Mwanawe alinieleza kwamba walihama usiku. Mama aliokoa kuku wanne, redio na blanketi. Dawa zake za presha zilibaki juu ya kabati, na kwa siku tisa alizolala katika darasa la shule hakumeza hata tembe moja. Mafuriko hayakumzamisha, lakini alipatwa na kiharusi.

Aghalabu tukitaja vifaa vya dharura watu hufikiria tochi, kamba na kisanduku chenye msalaba. Wengine huniambia waziwazi, "Daktari, hayo ni mambo ya matajiri wa Milimani." Maoni yangu ni tofauti. Kifaa cha kwanza cha dharura ni dawa ambayo tayari unaitumia, na cha pili ni maji safi. Vingine vyote hufuata.

Tazama yaliyotupata. Mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofunga barabara, wagonjwa wengi wa eneo hili walishindwa kufika kliniki kuchukua dawa za ARV. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hata likaingia katika makazi na vyoo vya ufuoni. Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu kote nchini. Matukio hayo matatu hayafanani, ila kila mara aliyekuwa hatarini zaidi ni mgonjwa asiye na akiba.

Basi nunua ndoo yenye kifuniko kinachokaza. Ndoo haipenyezi maji, hubebeka kwa mkono mmoja, na ukifika uendako utaitumia kutekea maji. Ndani yake weka dawa za wiki mbili za kila mgonjwa wa nyumba: za presha, kisukari, kifafa, ARV, na inhela ya mwenye pumu. Kama huwezi kununua zote kwa pamoja, ongeza tembe chache kila unaponunua. Kila mwezi tumia zile za ndoo na uweke mpya mahali pake, zisije zikaharibika. Tia pia kadi za kliniki na karatasi yenye majina ya dawa na vipimo vyake, kwani daktari wa kambini hatakisia "ile tembe nyeupe ndogo." Anayetumia insulini asiiache juani. Umeme ukipotea, chungu cha udongo kilicholowa maji na kuwekwa kivulini penye upepo huipoza vya kutosha.

Kisha maji. Mtu mmoja ahesabiwe lita 4 kwa siku za kunywa na kupikia. Jamaa ya watu watano kwa siku tatu inahitaji lita 60, yaani mitungi mitatu ya lita 20. Mitungi hiyo huna haja ya kuihamisha. Itakufaa mifereji ikikauka au visima vikichafuka. Wakazi wa Nyalenda na Manyatta wanajua jinsi visima vilivyo karibu na vyoo. Mvua ikizidi, uchafu huingia kisimani na kipindupindu hubisha hodi. Kwa hiyo weka ndooni dawa ya kutibu maji, sabuni, na pakiti za ORS. Ukikosa ORS, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mnyweshe mgonjwa kidogo kidogo huku ukimkimbiza hospitalini.

Malizia kwa bendeji, glavu, mkasi, tembe za paracetamol, tochi, chandarua na nambari za simu zilizoandikwa karatasini. Usiweke mabaki ya dawa za malaria au viuavijasumu ulivyobakisha mwaka jana. Na ndoo ikae mahali ambapo watoto hawafikii.

Kazini nako kuna uzembe mkubwa. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke sanduku la huduma ya kwanza mahali panapofikika. Nimewahi kumshona fundi aliyekatwa na msumeno, naye akanieleza kwamba sanduku lilikuwepo, ila ufunguo alikuwa nao bosi, na bosi alikuwa safarini Nairobi. Sanduku la kufuli ni pambo. Jeraha likivuja damu, libane kwa nguvu kwa kitambaa safi. Palipoungua pamwagiwe maji baridi ya mfereji kwa dakika 20, wala si dawa ya meno. Na kwa mvuvi wa Dunga, mahali pa kazi ni mashua. Sanduku lake ni jaketi la kuokolea maisha, nalo livaliwe mwilini. Likifanywa mto wa kukalia halitamfaa chombo kikipinduka.

Sisi madaktari pia tuna lawama. Twamwandikia mgonjwa dawa za siku 30 barabara, kana kwamba mto Nyando husoma kalenda. Kabla ya masika, mwombe daktari wako akuandikie za ziada. Asipoelewa, mweleze unakoishi.

Yule mama anatembea sasa, kwa mkongojo. Dawa zake zi ndani ya ndoo nyekundu iliyo nyuma ya mlango, na mwanawe ndiye mlinzi wa ndoo. Wewe je, yako iko wapi?