Ferrari nyekundu, Subaru ya bluu na jezi ya Mtibwa

Simama Msamvu jioni moja, pale barabara ya Dodoma na ya Iringa zinapoachana, uangalie magari yanayoingia na kutoka Morogoro. Nyeupe, ya fedha, nyeusi, nyeupe tena. Mara inatokea Subaru Impreza ya bluu, rimu za dhahabu, bomba linanguruma kama linataka Uluguru nzima isikie. Vijana wa bodaboda wote shingo upande. Hakuna anayeuliza hiyo gari gani. Rangi imeshajibu.

Bluu ile ina historia yake. Mwaka 1995 Colin McRae alitwaa ubingwa wa dunia wa rali akiwa na Subaru ya bluu iliyoandikwa 555 kwa njano, namba ya sigara. Mwaka 1997 akaja hapa jirani Kenya, akabeba Safari Rally na Subaru ya bluu hiyo hiyo. Baadaye kampuni ya sigara ikaenda zake, maandishi yakafutika, lakini bluu ikagoma kuondoka. Rangi aliyoleta mdhamini ikageuka kuwa ya gari lenyewe, na leo kijana wa Morogoro ambaye 1997 alikuwa hajazaliwa anaitaka bluu ile ile, siyo nyingine.

Kwa matajiri wa Ulaya mambo ni hayo hayo, tofauti ni bei tu. Mwanzoni mwa karne iliyopita magari ya mashindano yalipakwa rangi kwa nchi, kama timu za taifa: Italia nyekundu, Ufaransa bluu, Uingereza kijani, Ujerumani nyeupe na baadaye ya fedha. Kijani cha Waingereza kilipata nguvu mwaka 1903, mashindano ya Gordon Bennett yalipopelekwa Ireland na wao wakachagua rangi ya kuwaheshimu wenyeji. Zaidi ya miaka mia imepita, na mtu mwenye fedha zake akinunua Aston Martin au Jaguar bado anakitamani kijani kile. Porsche nao wanampakia mteja rangi za miaka ya 1970 akizitaka, ila anaongeza hela. Yaani gari ni jipya kabisa, lakini mwenyewe analipa zaidi ili lionekane la zamani!

Sasa njoo kwa Ferrari. Mwaka 1964 mzee Enzo Ferrari aligombana na wakubwa wa mchezo wa magari nchini kwao, akasusa rangi nyekundu ya Italia. Mbio mbili za mwisho za msimu, Marekani na Mexico, magari yake yakaingia yamepakwa nyeupe na bluu. John Surtees akatwaa ubingwa wa dunia huko Mexico akiwa ndani ya Ferrari isiyo nyekundu. Kwa hesabu za kibiashara, hapo ndipo rangi mpya ingepata soko, maana imeleta kombe. Wapi! Msimu uliofuata nyekundu ilirudi, na mpaka leo mtoto ukimpa penseli achore Ferrari, atatafuta nyekundu kwanza.

Mashabiki wa soka nchini wanalijua hili kuliko hata wauza magari. Vodacom ilipokuwa inadhamini Ligi Kuu, Yanga waligoma kuvaa nembo nyekundu kifuani, wakisema nyekundu ni ya watani wao. Kuna waliocheka, wakaona ni utoto. Mwisho wa siku nembo ndiyo iliyobadilishwa rangi kwenye jezi za Yanga. Mdhamini mwenye fedha zake aliipisha rangi ya klabu iliyozaliwa 1935. Na Simba, ambao kabla ya 1971 waliitwa Sunderland, walibadili jina lakini hawakuthubutu kugusa nyekundu na nyeupe.

Shida ipo kwa klabu nyingine. Miaka ya karibuni timu zinauzwa, zinahamishwa mkoa, zinabatizwa upya. Singida Big Stars ikawa Singida Fountain Gate, kisha Fountain Gate. Ihefu ya Mbarali ikawa Singida Black Stars mwaka 2024. Sheria inaruhusu na mwenye timu ana haki ya kulinda fedha yake, hilo halina ubishi. Lakini shabiki wa Mbarali aliyenunua jezi, leo anaivaa kwenda wapi? Ukibadili rangi ya gari Tanzania unatakiwa kurekebisha kadi, kwa sababu rangi imeandikwa mle. Cha ajabu, gari la kubebea nyanya kutoka Mgeta lina ulinzi wa rangi kuliko timu yenye watu maelfu nyuma yake.

Ndiyo maana Mtibwa Sugar ni mali ambayo Morogoro bado haijaijua thamani yake. Hawa ni mabingwa wa nchi wa 1999 na 2000, mara mbili mfululizo, timu ya shambani Turiani ikiwaacha wakubwa wa Kariakoo wanatazamana. Mwaka 2018 walichukua Kombe la Shirikisho kwa kuifunga Singida United 3-2 jijini Arusha. Wakashuka daraja 2024, wakapanda tena msimu uliofuata. Katika yote hayo jina halikuuzwa, na Manungu ni Manungu.

Lakini siku Simba au Yanga wakiingia Uwanja wa Jamhuri, jukwaa la Morogoro linakuwa jekundu au la kijani na njano. Mwenyeji anaonekana mgeni kwake. Kumlaumu shabiki hapo ni kumwonea, maana hawezi kuvaa jezi ambayo haioni dukani, au ambayo kila msimu inakuja na mtindo mpya kana kwamba waliotwaa ubingwa mwaka 1999 walikuwa timu nyingine. Jezi ya tatu ichezewe wanavyotaka, hata iwe zambarau. Ya nyumbani iachwe ilivyo, na Bodi ya Ligi iitake klabu yoyote inayotaka kuibadili iwaulize kwanza wanachama na mashabiki wake, siyo mshonaji.

Mtibwa wana kazi rahisi kuliko wote, kwa kuwa historia ipo tayari. Watoe jezi ile ya miaka ya ubingwa, rangi zile zile, mwaka 1999 na 2000 vikiwa vimeandikwa shingoni kwa ndani. Iuzwe Soko la Chifu Kingalu na stendi ya Msamvu, kwa bei ambayo mkata miwa anaimudu, na iwe imefika wiki mbili kabla Simba na Yanga hawajapanda basi kuja Morogoro.