Bibi Katika Bustani ya Miti

Mama mwenzangu, mama mkwe wako anajua nini ambacho hujawahi kumwuliza?

Swali hili lilinijia nikiwa Nairobi. Mama mkwe alikuwa anapoteza nuru ya macho, ndipo mimi na mume wangu tukafunga safari naye kutoka hapa Nyarero, pamoja na watoto. Tulivuka mpaka Sirari, tukapitia Migori na Kisii, tukafikia kwa wifi yangu. Nakiri kwamba mama nami tulikuwa tunasalimiana tu. Kila neno lake niliona ni la kunikosoa, naye aliniona mtu wa vitabu.

Daktari alituambia ni presha ya macho. Nuru iliyopotea hairudi; dawa ya matone ingelinda ile iliyobaki. Tulirudi nyumbani kimya.

Kesho yake wifi akatupeleka Arboretum, bustani ya miti iliyo karibu na Ikulu. Ilianzishwa mwaka 1907, wakati Waingereza walipotafuta miti inayokua upesi ili wapate kuni za injini za treni. Leo ni hekta 30 hivi, na ina aina zaidi ya 350 za miti: mingine ya kwetu, mingine ya mbali kama mikaratusi ya Australia. Mingi ina vibao vya majina. Watu hupumzika kwenye nyasi, wengine hutembea wakiomba kwa sauti. Lakini shika vizuri maandazi yako, maana tumbili hawana haya!

Nilidhani mama ataketi tu kivulini. Kumbe! Alimshika mjukuu mkono, akapapasa gome la mti, akanusa jani, kisha akautaja kwa Kikuria. Mtoto akasoma kibao: jina la Kilatini. Wakaendelea hivyo mti baada ya mti. Bibi alieleza upi unafaa kwa mpini wa jembe na upi unapendwa na nyuki. Walipofika kwenye mti asioujua, akasema, "Huu sijakutana nao. Nisomee." Mjukuu akamsomea.

Kisha akanigeukia. "Mama Chacha, huu kwenu mnauitaje?"

Sikujua. Nikangoja karipio. Akaniwekea jani kiganjani, akasema, "Nusa kwanza, mwanangu."

Siku hizi kila Jumamosi watoto humzungusha bibi yao mipakani mwa shamba. Wanaandika katika daftari jina la mti kwa Kikuria, kwa Kiswahili, na kazi yake. Mimi nafuata nyuma na kikapu, nikiuliza. Jioni ninamtilia matone yake.

Akina mama, nawaachia mambo mawili. Kwanza, presha ya macho mara nyingi huanza bila maumivu, na huenda ikawa katika ukoo. Ukiwa na miaka 40 au zaidi, kapime macho. Na kama mzazi wenu anayo, ndugu wote wapime. Mume wangu amekwisha kupima. Wala msitie maji ya majani machoni, hata kama bibi anaujua mti huo.

Pili, usingoje safari ya mjini. Mwombe mzee wako akutembeze shambani wiki hii. Miti ya Nairobi ina vibao. Ya kwetu inaye yeye tu.