Acheni kusema hapa palikuwa pori

Mazungumzo ya kijiweni Kharumwa yakigusa mambo ya kale, hukumu huwa imeshaandaliwa: kabla ya mgodi hapa palikuwa pori. Mjerumani akaona dhahabu, mkoloni mwenzake akaichimba Geita, mgodi ukafungwa mwaka 1966, ukaja mwingine mkubwa mwaka 2000, na mwaka 2012 tukapata Mkoa wa Geita na Wilaya ya Nyang'hwale. Nyuma ya hapo ni fisi, majani, na mababu waliokaa wakisubiri wageni waje waianzishe historia.

Huo ni uongo, na kibaya zaidi tunajisingizia wenyewe.

Katuruka, karibu na Bukoba, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua mabaki ya uyeyushaji wa chuma uliofanyika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu ustadi wa wayeyushaji wa huko. Wataalamu wenzao waliwapinga katika baadhi ya hoja za ufundi, lakini kwamba chuma kiliyeyushwa ukanda huu wa Ziwa Victoria zamani hizo hakuna anayebisha. Na huku kwetu, Uzinza na Geita, walikuwapo Warongo, mafundi walioyeyusha mawe ya chuma hadi enzi za ukoloni. Majembe ya ukanda huu yalibebwa mbali, yakauzwa hadi Unyamwezi.

Mageuzi hayo ya chuma hayakuwa na siku ya kuanza wala mfalme wa kuyatangaza. Yaliingia kupitia mikono ya mama aliyekuwa akilima kwa mti uliochongwa, msimu mmoja akashika jembe la chuma la kuazima, akaona shamba la mtama linaweza kuongezwa. Shamba likiongezeka, palizi nayo inaongezeka, na sidhani kama aliyeinama juani alishangilia kila hatua ya maendeleo hayo. Baadaye jembe likawa mali. Likatolewa mahari, likalipa deni, likiisha makali likarudishwa kwa mhunzi. Binti aliolewa kwa majembe, na ukoo usio na jembe ulijua kijana wao atakaa kapera. Msitu nao ulilipa, maana tanuru hula mkaa, na mkaa ni miti. Mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa kwa pamoja: katika jamii nyingi za kwetu fundi alipoyeyusha chuma alikaa mbali na mkewe na kufuata miiko ya kazi. Wachimbaji wa leo wenye masharti yao kabla ya kushuka duarani wasijione wameanzisha jambo jipya.

Tazama na sahani. Msukuma ataapa kwamba michembe na matobolwa ni chakula cha tangu kuumbwa kwa dunia. Lakini vyote viwili ni viazi vitamu vilivyokaushwa, na viazi vitamu vimetoka Amerika, sawa na mahindi na mihogo, vikaanza kusafiri baada ya mwaka 1492. Wazee wa kale zaidi walikula mtama, uwele na ulezi. Kwa hiyo kuna mtu aliyepanda mmea mgeni bila kujua kama utaiua njaa yake au utamuua yeye, kisha kuna mwingine aliyebuni kuukata, kuuanika na kuuweka akiba ya kiangazi. Huyo ameokoa watu wengi kuliko afisa yeyote aliyewahi kupita hapa, na hana hata kichochoro kilichopewa jina lake.

Nitajibiwa kwamba wazee hao hawakuandika. Mkulima wa Uingereza mwaka 1066 naye hakuandika. Mvamizi William alipotwaa nchi hiyo mwaka huo, miaka 20 baadaye makarani walikuja kuhesabu plau na ng'ombe kwa ajili ya kodi, ndiyo maana tunazisoma habari zake. Na wanaodhani dhahabu huleta historia wasome ya Kilwa. Msafiri Ibn Battuta aliukuta mji huo mwaka 1331 ukiwa na utajiri uliotokana na dhahabu iliyopita bandari ya Sofala. Kasri la Husuni Kubwa lilijengwa huko pwani. Waliochimba dhahabu yenyewe, mbali huko bara, hawakujengewa kasri Kilwa. Mkazi wa ukanda wa dhahabu wa leo anaijua hadithi hiyo bila kufundishwa.

Wazee wetu waliandika kwa mavi ya chuma, yale mabaki ya tanuru, na vigae vya vyungu. Sisi tunavitupa pamoja na kifusi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, si vya dhahabu peke yake. Mchimbaji, ukikuta mavi ya chuma au vigae unapofungua duara, simamisha sururu, mwite mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu. Nawe mwalimu, peleka taarifa halmashauri, na wanafunzi wako uwapeleke wakaone kabla karasha halijavisaga.