Mwalimu wa Mtandaoni Naye Aulizwe Sanadi

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Aliyemneemesha mwanadamu kwa elimu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, tangu vyuo na shule vilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, jambo lililokuwa la wachache limekuwa mazoea ya wengi. Mtoto wa Kiislamu aliye London au Toronto hukaa mbele ya simu, na mwalimu wake akawa Mombasa, Unguja au Cairo. Sasa wamo miongoni mwetu vijana wanaotaka kujenga jukwaa la mtandao litakalowakutanisha waalimu wetu na wanafunzi wa dunia nzima, nao wanaomba msaada wa waumini. Je, tuwaunge mkono? Jawabu letu ni ndiyo, kwa masharti.

Wako wanaolikataa jambo hili kwa kuwa ni geni. Hao tunawakumbusha kwamba chombo hufuata hukumu ya kile kinachobebwa ndani yake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947), Allah amrehemu, alipotoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 pale Mombasa, alikitumia chombo cha zama zake kuwafikishia watu mafunzo waliyokuwa wakiyapata kwenye darsa za msikitini tu.

Lakini historia ya umma huu inatufundisha na la pili. Sayyidna Uthman (R.A.) alipopeleka misahafu katika miji mikuu ya Kiislamu, aliipeleka pamoja na wasomaji wa kuwafundisha watu. Abu Abdirrahman as-Sulami, aliyesomesha Kufa, alidumu katika kazi hiyo takriban miaka 40. Qur'ani huchukuliwa kinywani mwa mwalimu, ambaye naye ameichukua kinywani mwa mwalimu wake, mpaka kwa Mtume (S.A.W.). Mnyororo huo ndio tunaouita sanadi.

Hapa ndipo penye hatari. Mtandaoni, yeyote mwenye simu na sauti nzuri aweza kujiita ustadhi. Mzazi aliye ughaibuni, asiyeweza kutenganisha sini na thaa, atamjuaje? Tena simu yenyewe huzififiza herufi zinazokaribiana, na kamera ikizimwa mwalimu haoni ulimi wala midomo. Tumepata kumpokea chuoni kwetu mtoto aliyerudi likizo, amehifadhi juzuu mbili kwa njia hiyo, ikatubidi tumrudishe kwenye Alfatiha. Mtoto hakuwa na kosa. Wazazi wake walilipa kila mwezi, wala hawakuwahi kuuliza mwalimu yule amesoma kwa nani.

Iko hatari nyingine, nayo imo nyumbani mwetu. Wakati wa baridi, saa kumi na moja jioni ya London ni saa mbili usiku hapa kwetu. Na saa kumi alasiri ya Toronto ni saa sita usiku. Mwalimu anayesomesha hadi usiku wa manane ataamkaje kuwasomesha watoto wa mtaani baada ya Alfajiri? Na ikiwa mzazi mmoja wa ng'ambo humlipa zaidi ya kamati nzima ya msikiti, atakaa mkekani mpaka lini? Tusimlaumu. Madhehebu ya Shafi na ya Maliki yamejuzisha ujira wa kufundisha Qur'ani, naye ana watoto wa kulisha. Tujilaumu sisi tuliozoea kumlipa kwa dua.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne. Kwanza, asiandikwe mwalimu yeyote katika jukwaa hilo mpaka apimwe ana kwa ana na masheikh wanaojulikana, na jina la mwalimu wake na ijaza yake viwekwe wazi mbele ya mzazi. Pili, mtoto asisome peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Mzazi awe karibu, na wasichana wasomeshwe na waalimu wa kike, ambao tunao, na wengi wao hawana pa kufundisha. Tatu, saa za chuo cha mtaa zisiuzwe. Nne, sehemu ya ada itengwe kwa ajili ya vyuo vyetu, ili mtoto wa London amsaidie mwenzake wa Likoni au wa Tandale kupata mwalimu.

Enyi wanakamati wa misikiti, msingojee jambo hili likamilike mikononi mwa wafanyabiashara ndipo mulalamike. Waiteni vijana hao, kaeni nao, wapeni masheikh wa kuwaongoza. Na Ijumaa hii, kabla ya kuuliza ya mtandaoni, muulizeni mwalimu wa chuo chenu: mara ya mwisho alilipwa lini?

Tunamuomba Allah (S.W.) awabariki waalimu wetu, walio mkekani na walio mbele ya simu, na azihifadhi ndimi za watoto wetu kwa Kitabu chake. Amin.

Wabillahi tawfiq.