Watahiniwa wajipa gredi langoni, mipaka yabaki siri ya Knec

SAA mbili na nusu zinapokwisha na vijitabu vya majibu kukusanywa, mtihani wa somo la kompyuta huanza upya nje ya chumba. Watahiniwa wa kidato cha nne waliokuwa kimya hujikusanya watatu watatu, watano watano, na swali huwa lile lile: wewe ulipata ngapi? Hawana karatasi mkononi, kwa kuwa majibu ya karatasi ya kwanza huandikwa katika nafasi zilizoachwa chini ya maswali yenyewe, na kijitabu chote hubaki kwa msimamizi. Kwa hivyo hulazimika kuujenga mtihani upya kwa kumbukumbu, huyu akitaja tarakimu, yule akimkosoa, hadi kufikia jioni kikundi kimeikamilisha karatasi nzima na kujigawia gredi.

Desturi hii ipo katika kila somo, lakini katika kompyuta ina makali yake. Katika insha, mwanafunzi aliyeandika tofauti na mwenzake anaweza kujifariji kwamba kila mtu ana mtindo wake. Katika kompyuta, namba ama ndiyo ama siyo. Ndiyo maana ubashiri wa gredi katika somo hili hutolewa kwa sauti ya uhakika, na machozi ya aliyekosa huwa ya uhakika vilevile. Hata hivyo, ukichunguza jinsi alama za mtihani wa KCSE zinavyotolewa, utaona kwamba uhakika huo hauna msingi, na kwamba lawama haiwezi kuwekwa juu ya wanafunzi peke yao.

Tuchukue swali la aina iliyozoeleka katika somo hilo: kubadilisha 45.625 kutoka mfumo wa kumi hadi mfumo wa mbili, ule wa sifuri na moja unaotumiwa na mashine. Jibu ni 101101.101. Mwanafunzi aliyepata 101101.11 atagundua langoni kwamba amekosa, kwa sababu sehemu yake ya baada ya nukta ni sawa na 0.75. Papo hapo atalifuta swali hilo zima katika hesabu zake. Msahihishaji hafanyi hivyo. Ikiwa swali lina alama tatu na mtahiniwa ameonyesha kazi yake, akagawanya 45 kwa mbili hadi mwisho na kuyapanga masalio kama inavyotakiwa, kazi hiyo ina alama zake hata kama mwisho umepotoka. Kinyume chake pia ni kweli: aliyeagizwa kuonyesha hatua akaandika jibu tupu, huenda akasherehekea mapema. Langoni hulinganishwa mistari ya mwisho, ilhali mwongozo wa kusahihishia hutazama na ile ya juu yake.

Isitoshe, si wote walifanya mtihani mmoja. Kwa mpangilio uliodumu miaka mingi, karatasi ya kwanza ina sehemu ya alama 40 ambayo kila mtahiniwa hujibu yote, kisha sehemu ya alama 60 ambapo swali la 16 ni la lazima na mengine matatu huchaguliwa kati ya manne yaliyosalia. Wanafunzi wawili waliokaa dawati moja miaka minne wanaweza kuwa wametofautiana katika sehemu hiyo kwa swali zima la alama 15. Mmoja alichora chati ya mtiririko wa programu, mwingine akaeleza aina za mitandao. Wanacholinganisha ni nini hasa?

Karatasi ya pili, ile ya vitendo, ndiyo inayotatiza ubashiri zaidi. Mtahiniwa hupewa maswali mawili, kila moja la alama 50, na huketi mbele ya mashine kuyafanya. Shule yenye mashine chache hulazimika kuwaingiza watahiniwa kwa zamu, na waliomaliza hawaruhusiwi kukutana na wanaongoja. Wanapokutana hatimaye, hulinganisha kile walichokiona kwenye kioo.

Hapo pana mtego ambao walimu wa somo hili wanaujua vyema. Tuseme swali linataka ushuru wa bidhaa ukokotolewe katika lahajedwali, na kiwango cha ushuru kimewekwa katika seli B1. Mmoja ameandika =C4*B1, mwingine =C4*$B$1. Katika mstari wa kwanza wote wawili wanapata jibu moja, na wakikumbushana langoni watapongezana. Lakini fomula ikinakiliwa kwenda chini, ile ya kwanza huhama kutoka B1 hadi B2, kisha B3, nayo huanza kuzidisha kwa visivyohusika. Alama ya dola, ambayo mtu hawezi kuikumbuka kwa urahisi saa tatu baadaye, ndiyo iliyobeba swali.

Kisha kuna yale yasiyohusu ujuzi hata kidogo. Kwa miaka mingi, watahiniwa wa karatasi hii wamekuwa wakiagizwa kuhifadhi kazi yao katika diski, kuandika jina na namba yao ya mtihani, kutotumia neno la siri, na kukabidhi diski pamoja na nakala zilizochapishwa. Mwanafunzi anaweza kuunda hifadhidata isiyo na dosari, akaichapisha vibaya au akahifadhi faili katika mashine ya shule badala ya diski. Umeme nao una mambo yake. Langoni atasema amepata yote, na kwa ujuzi wake anasema kweli. Msahihishaji, aliye mbali na chumba kile, husahihisha kilichomfikia.

Karatasi ya tatu haizungumzwi langoni kabisa, kwa sababu haina siku. Ni mradi ambao mtahiniwa huufanya kwa miezi: huchunguza tatizo la taasisi fulani, husanifu mfumo wa kulitatua, huuunda, huujaribu na kuuandikia maelezo. Mwalimu wake ndiye huukadiria hatua kwa hatua, na alama hutumwa kwa Baraza la Mitihani la Kenya (Knec). Kwa hivyo siku ambayo kikundi kinapiga hesabu chini ya mti, sehemu ya gredi imekwisha kutua kwingine, na hakuna anayeijumlisha.

Hata hivyo, tuseme mwanafunzi ni mwangalifu kupindukia. Amekumbuka kila hatua, ameuhesabu mradi wake kwa haki, na amefikia alama 78 kwa mia. Je, hiyo ni gredi gani?

Hapa ndipo penye kiini cha suala hili. Shule huwa na vipimo vyao vya mitihani ya ndani, na mwanafunzi aliyezoea kwamba A huanzia 80 atajipa A ya kutoa, yaani hatua moja chini. Lakini kipimo cha shule si kipimo cha Knec. Katika KCSE, mipaka ya gredi hupangwa kwa kila somo baada ya usahihishaji, kwa kuzingatia jinsi karatasi ilivyofanywa. Utaratibu huo una mantiki: karatasi ya mwaka mmoja yaweza kuwa ngumu kuliko ya mwaka mwingine, na si haki mtoto aadhibiwe kwa sababu ya mtungaji. Tatizo ni kwamba mipaka hiyo haitangazwi. Matokeo yanapotoka, mtahiniwa husoma herufi mbele ya kila somo, kuanzia A hadi E. Haoni alama zake kwa kila karatasi, wala haambiwi A ilianzia wapi mwaka huo.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mwishoni mwa mwaka wa 2016. Katika mtihani wa 2015, uliogubikwa na kashfa ya wizi wa mitihani na kufutwa kwa matokeo ya watahiniwa 5,101, waliopata wastani wa A walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka uliofuata, chini ya Waziri wa Elimu Fred Matiang'i, matokeo yalitangazwa Desemba 29, mapema kuliko desturi, na waliopata A kote nchini walikuwa 141 pekee kati ya watahiniwa zaidi ya 570,000. Serikali ilisema hiyo ndiyo sura halisi baada ya wizi kuzibwa. Wakosoaji wakauliza iwapo alama zilisawazishwa inavyostahili. Kila upande ulikuwa na hoja, lakini raia wa kawaida hakuwa na chombo cha kuzipimia, kwa kuwa kitu kimoja ambacho kingemaliza ubishi, yaani mipaka ya kila somo ya miaka yote miwili ikiwekwa bega kwa bega, hakikuwa mbele yake.

Idadi hiyo imepanda tangu wakati huo. Katika KCSE ya 2024, wenye wastani wa A walikuwa 1,693 miongoni mwa watahiniwa zaidi ya 960,000. Je, wanafunzi wameimarika, karatasi zimelegea, au mipaka imeshuka? Mzazi anaweza kuchagua jibu limpendezalo.

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania imefuata njia nyingine. Madaraja ya mtihani wa kidato cha nne unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (Necta) yana viwango vinavyojulikana: A ni kuanzia 75, B kuanzia 65, C kuanzia 45, D kuanzia 30. Mwanafunzi wa kompyuta wa Dodoma au Tanga anayejikadiria langoni anaweza kukosea alama zake, lakini akishazipata anajua zinaangukia wapi. Wala si kwamba njia hiyo haina miiba. Matokeo ya mtihani wa 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, yalizua kilio hadi serikali ikatangaza Mei 2013 kwamba yanafutwa na kupangwa upya, na utaratibu wa kupanga madaraja ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa. Tofauti ni kwamba Watanzania walibishana kuhusu jambo wanaloweza kulitaja kwa namba.

Wala hatuna haja ya kuvuka mpaka. Jijini Nairobi kwenyewe, katika shule za kulipia zinazofuata mtaala wa Uingereza, kuna watoto wa umri huo huo wanaofanya mtihani wa kompyuta wa Cambridge. Baada ya matokeo, bodi hiyo huchapisha mipaka ya gredi ya kila karatasi pamoja na miongozo ya kusahihishia. Mtoto wa shule ya kulipia ghali huona A yake ilianzia wapi. Jirani yake wa shule ya umma hubaki na herufi na fununu.

Wanaoitetea siri wana hoja isiyo ya kupuuzwa. Ikijulikana kwamba mwaka fulani gredi ya juu katika somo gumu ilipatikana kwa alama zinazoonekana chache, magazeti, hili likiwemo, yataandika kwamba mtihani umeshushwa hadhi, bila kueleza ugumu wa karatasi. Kadhalika kila aliyekosa gredi kwa alama moja atataka kusahihishiwa upya. Ni kweli. Lakini anayekosa kwa alama moja yupo hata sasa, ila hajui, naye huamua kwa kubahatisha iwapo aiombe shule yake iwasilishe malalamiko. Yule aliyekosa kwa alama kumi na tano naye huenda akalalamika bure.

Gharama ya kutojua imeongezeka pia. Tangu KCSE ya 2023, wastani wa gredi hukokotolewa kwa hisabati, lugha moja na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi. Kwa utaratibu huu, kompyuta, iliyokuwa somo la ziada machoni pa wengi, inaweza kuingia katika yale matano na kumvusha mtu hadi C+, gredi ya chini ya kujiunga na chuo kikuu kwa shahada. Inaweza pia kuwa ndiyo iliyomwangusha. Kijana aliyesadiki langoni kwamba ameharibu kompyuta huingia katika mtihani wa siku inayofuata akiwa amekwisha kushindwa, na mara nyingine msiba wake wote ulikuwa tarakimu mbili baada ya nukta, zenye thamani ya alama moja.

Knec yenyewe imeonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Katika tathmini mpya ya mwisho wa shule ya sekondari ya msingi, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2025, wanafunzi waliwekwa katika viwango vinane vyenye mipaka iliyotangazwa, cha juu kabisa kikianzia alama 90. Wazazi walikosoa mengi katika mfumo huo mpya, lakini hawakulalamika kwamba wameelezwa kupita kiasi.

KCSE ya mfumo wa 8-4-4 imepangiwa kufikia kikomo mwaka wa 2027. Kuchapisha mipaka ya kila karatasi hadi hapo hakuhitaji mtaala mpya, bajeti mpya wala sheria kutoka bungeni. Jedwali hilo tayari limo katika faili za baraza, kwani bila hilo gredi zisingetolewa. Kinachosubiriwa ni mtu wa kuamua liwekwe hadharani siku ile ile matokeo yanapotangazwa.